Roketi ndogo kwenye sayari ya Mars: kupanda si shida, shida ni kushuka

Kusini ya Kabambare, ukiisha kuvuka mpaka na kuendelea hadi upande wa Manono, kuko mto Luvua. Huko, wakati ule ikiitwa Shaba ya Kaskazini, kampuni ya Wajerumani OTRAG ilirusha roketi yake ya kwanza tarehe 17 Mei 1977. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilipotea njia na kuanguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Mwaka uliofuata kampuni ikaondolewa.

Sasa tuchukue roketi ndogo, ile ya karatasi ngumu ambayo wanafunzi wanaunda, tuirushe kwenye Mars. Je, itawaka? Ndiyo. Baruti yake inabeba ndani hewa ya kuwakia, haiombi ya inje. Na ju kule uzito wa kitu unashuka mpaka asilimia 38 ya uzito wa hapa, na hewa ni nyepesi sana, roketi itapanda mara mbili na zaidi.

Lakini hewa hiyo hiyo ndiyo inashika mabawa ya nyuma ili roketi isiyumbe. Hewa ya Mars haifiki hata asilimia 2 ya uzito wa hewa yetu. Kwa hiyo roketi inapaswa kutoka na mbio mara 8 hivi ndipo mabawa yaishike sawasawa. Bila hiyo inapinduka.

Kushuka ndiko kubaya zaidi. Parashiti inayoishusha hapa kwa mita 5 kila sekunde, kule itaishusha kwa mita 24 hivi, ni kusema kilometa 86 hivi kwa saa. Barabara ya Kasongo–Kabambare haijaona pikipiki ya mbio hiyo! Ukitaka ishuke polepole kama hapa, kitambaa kiwe kikubwa mara 23.

Wamarekani wanajua. Mwezi wa pili 2021 mashine yao Perseverance ilifungua parashiti ya mita 21 na nusu, na bado haikutosha: ilibidi mota za roketi ziwake ili itue salama.

Tangu mwaka ule Perseverance inakusanya mawe na kuyafungia katika vichupa vidogo. Ao yaletwe hapa duniani, ao yabaki kule, inategemea roketi ya kuyapandisha, na mpaka leo hakuna roketi yoyote iliyowahi kuruka kutoka udongo wa Mars. Mpango wa kuyaleta umekwama kwa sababu ya bei.