Ngazi ya Kina Mama wa New York

Hebu fikiria darasa la kwanza lenye watoto thelathini. Mmoja analia, mwingine haelewi Kiingereza, wa tatu ameshamaliza kazi yake na sasa anasumbua jirani. Mwalimu ni mmoja. Nani atamshika yule anayelia?

Mwishoni mwa miaka ya 1960, New York ilijibu swali hilo kwa kubisha milango ya mtaani. Sheria ya elimu ya 1965 ilikuwa imetenga pesa za serikali kuu kwa shule za watoto maskini. Mwaka huohuo, Arthur Pearl na Frank Riessman walichapisha kitabu wakisema kwamba maskini wasiishie kuhudumiwa tu. Waajiriwe kutoa huduma hizo, wasome wakiwa kazini, na wapande vyeo. Audrey Cohen naye alikuwa ameanzisha shirika mjini humo mwaka wa 1964 la kuwafundisha wanawake wa kipato cha chini kazi kama ya usaidizi wa mwalimu.

Basi wakaingia darasani, maelfu yao. Wengi walikuwa kina mama Weusi na Wapuertoriko, na watoto wao walisoma katika shule hizohizo. Walijua nani amelala njaa, na nani nyanya yake ni mgonjwa. Ujuzi huo haukuwa na cheti, kwa hivyo haukuwa na bei. Mshahara ulikuwa wa kubahatisha, na ile ngazi ya kupanda vyeo ilibaki maneno matamu kwenye karatasi.

Halafu ukaja mgomo wa 1968. Bodi ya jamii ya Ocean Hill-Brownsville, Brooklyn, iliwaondoa walimu kadhaa, wengi wao Wazungu, na chama cha walimu kikafunga shule za jiji kwa wiki nyingi. Wasaidizi wengi walipita katikati ya wagomaji wakaingia kazini. Si ni watoto wao waliokuwa wakikosa masomo? Walimu waliona usaliti. Majeraha yalikuwa mabichi pande zote mbili.

Ndiyo maana kilichofuata ni cha kushangaza. Velma Murphy Hill, mwanaharakati aliyepigwa jiwe kichwani mwaka wa 1960 akipinga ubaguzi katika ufuo wa Chicago, alikuwa sasa msaidizi wa darasani. Alizunguka akiwashawishi wenzake wajiunge na chama kilekile cha walimu. Mwaka wa 1969 walipiga kura, na chama hicho kikashinda kwa tofauti ndogo. Jiji lilipokataa kuwasikiliza, wasaidizi wakatishia kugoma, na safari hii walimu nao walipiga kura kusimama nao.

Mkataba wa 1970 uliongeza mishahara zaidi ya maradufu. Lakini pesa si kitu pekee walichopata. Wasaidizi walipewa muda wa kutoka kazini kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Jiji, ambacho wakati huo hakikutoza karo. Maelfu walijiandikisha. Mama aliyeacha shule akiwa msichana akajikuta anafanya kazi yake ya chuo mezani, kando ya mwanawe anayefanya yake. Wengi walimaliza wakawa walimu kamili.

Kisha jiji likaishiwa. Msukosuko wa fedha wa 1975 uliwafuta kazi wasaidizi wengi, na mwaka uliofuata chuo kikaanza kutoza karo. Ngazi haikuanguka yote, lakini vidato vyake vilipungua.

Kazi yenyewe haikufa. Sheria ya 1975 iliyowapa watoto wenye ulemavu haki ya kusoma katika shule za umma ilifanya wasaidizi wahitajike zaidi kote Marekani. Kuanzia 2002, sheria nyingine ikadai kwamba wanaofundisha kwa pesa za shule maskini wawe na miaka miwili ya chuo au wafaulu mtihani. Sawa. Lakini kudai cheti ni jambo moja. Kumpa mtu muda na karo ya kukitafuta ni jambo lingine kabisa.

Kina mama wa 1970 walilijua hilo mapema. Hawakuomba kusifiwa kwa moyo wao wa kujitolea. Waliomba mshahara, na saa chache za kwenda darasani, safari hii wakiwa wanafunzi.