Majivu, Magadi na Damu ya Mtu

Mama wa Kiha aliyepika maharage makavu huko Kasulu au Kibondo alijua habari ya tindikali na alkali muda mrefu kabla ya wataalamu kuzipimia vipimo. Alijua kwamba kipande cha magadi, au maji yaliyochujwa kwenye majivu, hulainisha maharage upesi na kuokoa kuni. Alijua pia kwamba maji hayo ya majivu huteleza vidoleni, na kwamba yakichemshwa na mawese hutoa sabuni. Mtu akisumbuliwa na kiungulia alilamba magadi kidogo, na wajawazito walitafuna ule udongo uitwao pemba. Hakuna aliyekuwa amesoma kemia, lakini walichokifanya kilikuwa kemia: tindikali ya tumbo ikikutana na magadi hupoozwa, hewa hutoka kwa kucheua, na kifua hutulia.

Hapa sharti tutenganishe magadi na chumvi, maana wengi huvichanganya. Chumvi ya kwetu ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi zilizo karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Watu wamechemsha maji yale kwa zaidi ya miaka 1,000, kama wachimbuaji wa mambo ya kale walivyothibitisha mwaka 1967 kutokana na vigae na majiko ya zamani. Burton alipita hapo mwaka 1858 akiwa njiani kwenda Ujiji, na biashara ya chumvi ile ilikuwa imekwisha enea Buha na hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Chumvi ya Uvinza si tindikali wala si alkali, iko katikati. Magadi, yanayovunwa kwenye maziwa kama Natron kwetu na Magadi kule Kenya, ni alkali ya kweli, ndugu wa ile hamira ya magadi tunayotilia maandazi.

Sitaki kuwasifu wazee kupita kiasi. Magadi huharibu sehemu ya vitamini zilizomo katika mboga na maharage, na magadi ya maziwa yale huwa na floridi nyingi inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Tena kulikuwa na wagonjwa waliolamba magadi miaka na miaka wakidhani wanatibu vidonda vya tumbo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kwamba vidonda vingi vya namna hiyo huletwa na bakteria, na dawa yake ni antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza tindikali. Magadi yaliwapa nafuu ya saa moja. Bakteria walibaki pale pale.

Kipimo chenyewe cha tindikali kilitungwa mwaka 1909 na Mdenmarki aitwaye Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen. Alihitaji namna rahisi ya kueleza ukali wa tindikali, akaleta ile pH tunayoifundisha shuleni: 7 ni katikati, chini yake tindikali, juu yake alkali. Kila hatua moja ya kipimo hiki ni badiliko la mara kumi, jambo ambalo wanafunzi wa ualimu walikuwa wakilisahau kila mwaka hata nikaliandika juu ya ubao kwa chaki nyekundu. Tumbo la mtu mwenye njaa huwa kati ya 1.5 na 3.5, yaani pengine kali kuliko ndimu. Damu, kinyume chake, hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na haitoki humo kwa sababu umekula nyama badala ya mchicha.

Nani anailinda? Kwanza damu yenyewe, iliyo na baikaboneti ndani yake, jamaa wa yale magadi ya mama wa Kiha. Pili mapafu, yanayotoa kaboni dayoksaidi, ambayo ikibaki mwilini hugeuka tindikali. Ukikimbia kupanda mlima huhemi kwa ajili ya kuvuta hewa safi tu. Unatupa tindikali nje. Tatu figo, ambazo huifanya kazi hiyo taratibu, kwa saa na siku, zikiimwaga ziada katika mkojo. Ndiyo maana mkojo hubadilika kufuatana na chakula. Damu haibadiliki hivyo. Naomba msomaji akumbuke jambo hili la mkojo, maana tutalirudia.

Yapo, hata hivyo, magonjwa yanayoibomoa ngome hiyo, na moja tumelijua sana katika mkoa wetu. Mwaka 1831 kipindupindu kilipoingia Uingereza, daktari kijana William O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa akakuta imepungukiwa maji, chumvi na alkali. Mwaka uliofuata Thomas Latta, huko Leith, Scotland, alithubutu kuwatilia wagonjwa maji ya chumvi mshipani, na baadhi yao waliokuwa wakikata roho wakaketi kitandani. Wenzake wachache tu walimfuata, na jambo hilo likalala kwa miongo mingi. Zanzibar ilipopigwa na kipindupindu mwaka 1869 na 1870, daktari James Christie aliyekuwako, na ambaye mwaka 1876 alitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo katika Afrika Mashariki, aliweza kufuatilia njia za misafara iliousambaza, lakini tiba ya kuwaokoa watu hakuwa nayo.

Tiba ilipatikana kambini. Mwaka 1971 vita ya kuzaliwa kwa Bangladesh ilisukuma mamilioni ya watu kuingia India, na katika mji wa Bongaon kipindupindu kikawashukia. Dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kutumia vifuko vya gramu 22 za glukosi, 3.5 za chumvi ya mezani na 2.5 za baikaboneti, kwa kila lita ya maji, akawaambia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo, vilivyokuwa kiasi cha 30 kwa kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya 4. Sukari huifungulia chumvi mlango wa utumbo, chumvi huvuta maji, na baikaboneti hurudisha alkali iliyopotea katika kuhara. Kwa maoni yangu hakuna tiba ya asili iliyo bora kuliko hii, ingawa hakuna anayeitangaza kwa kipaza sauti stendi.

Sisi wa Kibondo na Kasulu tulizoea kuviona vifuko hivyo. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993, Warundi walivuka mpaka kwa malaki, zikajengwa kambi kama Kanembwa, Mtendeli na Nduta upande wa Kibondo, Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, na mwaka 1996 Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 walikuja tena. Mwezi Mei wa mwaka huo kijiji kidogo cha Kagunga, ukingoni mwa ziwa, kilibanwa na watu wengi kuliko kiwezavyo kubeba, kipindupindu kikalipuka na maelfu wakaugua. Walionusurika walinusurika kwa dripu na kwa maji ya chumvi-chumvi, kikombe baada ya kikombe.

Katika fomula ya mwaka 1984 kuna badiliko ambalo wengi hawakulitambua. Baikaboneti iliondolewa, maana ilikuwa ikiharibika vifukoni katika nchi za joto, ikawekwa sitireti, chumvi ya tindikali ile ile iliyomo katika ndimu. Mwili huichoma sitireti ukabaki na baikaboneti. Kumbe muuza dawa anayesema ndimu ni chungu mdomoni lakini alkali mwilini hajasema uongo mtupu. Amesema robo ya kweli, na robo hiyo ndiyo inayouzika.

Huko Marekani mtu mmoja, Robert O. Young, alijipatia jina kwa kitabu kilichodai kwamba magonjwa yote hutokana na tindikali. Mwaka 2016 mahakama ya California ilimtia hatiani kwa kutibu watu bila leseni. Mafundisho ya namna hiyo yametufikia sisi pia kwa njia zake. Mwalimu mwenzangu mstaafu, mwenye kisukari cha kujidunga insulini, aliuziwa unga wa alkali na karatasi za kupimia mkojo. Alikunywa unga, akapima, karatasi ikabadilika rangi kama alivyoahidiwa. Akaacha sindano. Siku ya nne mkewe alinituma niitwe. Nilimkuta akihema kwa nguvu na kwa kina, haraka, bila kukimbia popote, na pumzi yake ikinuka kama ndizi mbivu zilizopitiliza. Upumuaji huo ulielezwa na Adolf Kussmaul mwaka 1874: mwili usio na insulini huchoma mafuta, mafuta huzaa tindikali, na mapafu hujaribu kuitupa yote nje peke yake. Karatasi ya mkojo ilikuwa mezani, yenye rangi nzuri ya alkali ya siku za mwanzo, aliyoihifadhi kama cheti.

Tulimpakia katika gari la jirani. Hospitali walimtilia maji na insulini, wala hawakumpa unga wowote. Alilazwa siku tisa. Muuzaji hakuonekana tena stendi, na mwenzangu hakupenda kumsema vibaya. Alidai kwamba kijana yule alikuwa na adabu na alimwita mzee kila mara.

Siku hizi anajidunga asubuhi na jioni, na mkewe ndiye anayeweka hesabu ya chupa za insulini. Maharage nyumbani kwao bado hupikwa kwa magadi.