Mvumo Unaodumu

Wahenga wametuachia neno kwamba ngoma ivumayo haidumu. Hata hivyo, uko muziki wa umeme ambao kazi yake yote ni kuvuma na kudumu: sauti moja au mbili hushikiliwa kwa saa nzima au zaidi, pasipo wimbo wala mapigo. Wenzetu wengi huuita kelele za mashine. Sisi tunaofundisha lugha hapa Gisenyi, wilayani Rubavu, twaona hukumu hiyo imetolewa upesi mno.

Mwaka 1960 Mmarekani La Monte Young aliandika utungo wenye noti mbili tu, na agizo kwamba zishikiliwe kwa muda mrefu. Yeye amesimulia jinsi utotoni, huko Idaho, alivyovutwa na upepo uliopenya katika nyumba yao ya magogo, na mngurumo wa nyaya za umeme. Huko Ufaransa, Éliane Radigue alivutwa na sauti za ndege za abiria alipokuwa akiishi karibu na uwanja wa Nice katika miaka ya 1950. Baadaye, kwa sinthesaiza ya ARP 2500, alitunga Trilogie de la Mort, kazi ya takriban saa tatu iliyokamilika mwaka 1993.

Ladha yake iko wapi? Jibu tunalo karibu, katika umuduri wa Rwanda. Huo ni upinde wa uzi mmoja, siku hizi waya, uliofungiwa kibuyu. Mpigaji hugonga waya kwa kijiti, huku akikisogeza kibuyu kifuani na kukiondoa, naye huimba juu yake. Waya ni ule ule, lakini sikio lililotulia husikia sauti nyembamba zikizaliwa na kufifia. Kila sauti imebeba nyingine ndani yake; wimbo wenye mbio huzificha, mvumo huzifunua. Umeme umeongeza jambo moja tu, nalo ni kubwa: hauchoki kama mkono.

(Kitenzi vuma, tukumbuke, ni cha upepo na cha nyuki pia, nao Waingereza wameupa muziki huu jina la nyuki dume.)

Linalotusikitisha ni kwamba katika maonyesho umuduri mara nyingi hupewa dakika chache, kisha makofi. Katika dakika hizo sikio la mwanafunzi lingali likingoja wimbo uanze.