TOYOTA NZE: Sifa ya ugumu inapogeuka mtego kwa mwenye gari

NI vigumu kusimama kando ya barabara kuu yoyote nchini Kenya kwa dakika chache bila kuona Toyota Corolla ya aina ambayo Wakenya wameizoea kwa jina la NZE. Gari hili dogo la milango minne limewabeba walimu kwenda shuleni, wafanyabiashara kwenda sokoni na familia nzima kwenda mashambani kila Desemba.

Kwa wengi, hilo ndilo gari la kwanza kumilikiwa katika ukoo, na aghalabu lilinunuliwa kwa mkopo wa chama cha ushirika wa akiba. Ndiposa suala la namna ya kuishi nalo si la anasa. Gari likiharibika kabla ya mkopo kumalizika, mwenyewe hujikuta akilipia kitu kisichotembea.

Sifa kubwa ya NZE ni ugumu. Hata hivyo, wanaolifahamu gari hili vyema, wamiliki na mafundi kwa pamoja, husema kuwa sifa hiyo hiyo ndiyo iliyoyaua mengi kati yake. Gari linalovumilia kupuuzwa hupuuzwa hadi siku uvumilivu unapokwisha.

Asili ya jina

Corolla ilianza kuundwa nchini Japani mnamo 1966. Kabla ya NZE, Wakenya walikuwa wamezoea vizazi vya awali, ikiwemo ile yenye umbo la sanduku iliyojulikana kama DX, na baadaye "100" na "110".

Kizazi cha tisa kilizinduliwa Japani Agosti 2000, na ndicho kilicholeta jina NZE. Herufi hizo si za biashara bali zimetokana na nambari ya chasisi: NZ ni jamii ya injini, nayo E ni alama ya Corolla. NZE121 ina injini ya lita 1.5 inayozungusha magurudumu ya mbele, NZE120 ina injini ya lita 1.3, na NZE124 huzungusha magurudumu yote manne.

Umbo lake lilitokana na sheria za Japani, ambako gari la daraja la udogo halifai kuzidi upana wa mita 1.7. NZE ina upana wa sentimita 169.5. Huo ndio wembamba unaomfaa dereva anayetafuta nafasi ya kuegesha katikati ya jiji la Nairobi, na ndio unaomfanya abiria wa katikati katika kiti cha nyuma alalamike kabla ya kufika Naivasha.

Kinachowaridhisha wenyewe

Injini ya lita 1.5, inayotambuliwa kama 1NZ-FE, ndiyo moyo wa sifa za gari hili. Vali zake huongozwa na mnyororo wa chuma badala ya ukanda wa mpira unaohitaji kubadilishwa kila baada ya kipindi maalumu. Kwa mwenye gari, huo ni mzigo mmoja uliopungua.

Aidha, injini hiyo hiyo ilitiwa katika Vitz, Platz, Probox, Sienta na baadhi ya Premio na Allion. Kwa sababu hiyo, vipuri vyake hupatikana karibu kila mji, kuanzia maduka ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi hadi vibanda vya mafundi wa jua kali katika vituo vidogo vya biashara. Fundi asiyeifahamu injini hii ni nadra.

Kuhusu petroli, wengi husema gari lenye afya huenda kati ya kilomita 10 na 12 kwa lita moja katika msongamano wa mjini, na kilomita 14 hadi 16 katika barabara kuu. Tofauti hiyo ilipata uzito mpya Septemba 2023, wakati bei ya petroli jijini Nairobi ilipopita Sh200 kwa lita kwa mara ya kwanza. Waliokuwa wakiendesha magari makubwa walianza kuitazama tena Corolla waliyoidharau.

Mgeni kutoka Japani

Mwenye gari lililotoka Japani huligundua asili yake siku ya kwanza. Redio hukoma kwenye masafa ya 90, kwa kuwa FM ya Japani wakati gari hili likiundwa ilianzia 76 na kuishia hapo, ilhali vituo vingi vya Kenya viko kati ya 90 na 108. Mwenyewe hulazimika kununua kifaa cha kupanua masafa au kubadilisha redio nzima.

Katika baadhi ya magari, kuna sauti ya mwanamke inayomsalimu dereva kwa Kijapani kila anapowasha injini. Watoto huifurahia kwa juma moja. Kibandiko kilichoachwa mlangoni pia huwa na maandishi ya Kijapani, na mara nyingi kinaonyesha kilomita ambazo oili ilibadilishwa mara ya mwisho. Mnunuzi makini huisoma tarakimu hiyo na kuilinganisha na ile iliyo kwenye dashibodi. Ikiwa kibandiko kinataja kilomita nyingi kuliko mita yenyewe, basi mita imerudishwa nyuma.

Jambo jingine ni kutu. Katika maeneo ya kaskazini mwa Japani, chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha theluji, nayo hula vyuma vya chini ya gari. Gari la aina hiyo likihamia Mombasa, ambako upepo wa bahari pia una chumvi, kutu huendeleza kazi iliyokwisha kuanzwa.

Matuta na mashimo

Lalama ya kawaida kuhusu NZE ni kwamba iko chini. Iliundwa kwa barabara laini, wala si kwa matuta yaliyojengwa bila kipimo katika mitaa na vijiji vyetu. Likibeba watu watano na magunia ya viazi kwenye buti, tumbo la gari hukwaruza kila tuta.

Baadhi ya wamiliki huliinua kwa kutia vipande vya mpira au chuma juu ya springi. Kukwaruza hupungua, lakini kuna gharama. Vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele hufanya kazi vikiwa vimepinda kupita kiasi, na viungo vyake huchakaa mapema. Dalili yake ni mlio wa "ta-ta-ta" usukani unapokatwa kabisa. Taa za mbele nazo hupoteza mwelekeo na kuwamulika machoni madereva wanaotoka upande wa pili.

Mafundi wengi hushauri kwanza kubadilisha shokomzoba na springi zilizochoka. Mara nyingi gari linaloonekana kuwa chini ni gari ambalo springi zake zimelala kwa uzee.

Mtego wenyewe

Tatizo kubwa la NZE halimo kwenye barabara bali katika mazoea ya wenyewe. Kwa kuwa gari huwaka kila asubuhi, mwenyewe hujiaminisha kuwa halihitaji kitu.

Injini hii huhitaji takriban lita 3.7 za oili. Ni kiasi kidogo, na injini iliyozeeka inaweza kupunguza oili polepole bila kudondosha hata tone ardhini, kwani huiunguza pamoja na petroli. Mwenye gari anayesubiri taa nyekundu ya dashibodi huwa amechelewa, kwa maana taa hiyo huonya kuhusu kushuka kwa msukumo wa oili, si kuhusu kiasi kilichosalia. Mnyororo uliosifiwa kwa kudumu hutegemea oili hiyo hiyo. Ukikosa oili safi, hulegea na kuanza kugonga injini inapowashwa ikiwa baridi.

Zoea la pili ni kutia maji ya bomba kwenye rejeta badala ya maji maalumu ya kupozea. Maji hayo huzalisha kutu na uchafu unaoziba njia nyembamba. Injini ikianza kupata joto, baadhi ya mafundi hung'oa themostati ili maji yapite bila kizuizi. Joto hushuka kweli, ila injini huchelewa kufikia kiwango chake cha kazi na hutumia petroli zaidi. Ugonjwa wenyewe huwa haujatibiwa, hadi siku gasketi ya injini inapoungua katika mlima fulani, usiku, familia ikiwa ndani.

Zoea la tatu linahusu gia. NZE nyingi zilizoingia nchini zina gia za kujiendesha zenye ngazi nne. Oili ya gia hizo ina aina yake iliyotajwa na watengenezaji, na kutia yoyote iliyopo dukani ni kuicheza bahati nasibu. Hatari hiyo iliongezeka pale Corolla Axio, iliyozinduliwa Japani Oktoba 2006, ilipochukua nafasi ya NZE. Axio nyingi hutumia gia za CVT, zisizo na ngazi, ambazo oili yake ni tofauti kabisa. Wapo waliohama kutoka NZE hadi Axio wakahama pia na oili yao ya zamani, wakajutia.

Ukweli wa umri

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari ambalo limezidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa kuwa saluni hii ilikoma kuuzwa Japani 2006, mlango wa kuileta ulifungwa kufikia katikati ya muongo wa 2010.

Maana yake ni kwamba kila NZE inayouzwa leo imekwisha kuishi miaka mingi katika barabara za humu nchini, mikononi mwa mmiliki mmoja au watano. Kauli ya muuzaji kwamba gari ni "safi kama lilivyotoka Japani" haina msingi tena. Linalofaa kuulizwa si jinsi lilivyotoka Japani bali jinsi lilivyotunzwa tangu lilipofika Mombasa.

Anayetaka kununua anashauriwa kufika asubuhi kabla injini haijawashwa. Asikilize mlio wa kwanza na kutazama moshi. Ule wa rangi ya samawati ni ishara ya oili inayoungua. Achomoe kijiti cha oili, afungue rejeta ikiwa baridi na kuona kama maji yana rangi ya kutu, kisha akate usukani hadi mwisho akiendesha polepole. Hayo yote hayahitaji pesa, ila subira.

Isitoshe, rekodi za gari zikaguliwe kupitia huduma za mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, NTSA, kabla ya malipo. Hati ya umiliki inaweza kuwa dhamana ya mkopo ambao muuzaji hajaumaliza, na deni hilo humfuata mnunuzi. Umiliki nao uhamishwe mara moja.

Wamiliki waliodumu na NZE zao kwa miaka mingi hawana siri kubwa. Huandika katika daftari tarehe na kilomita za kila huduma, hupima oili kila wikendi, na huweka akiba ndogo ya gari kila mwezi kama wanavyoweka karo. Daftari hilo huwa na thamani siku ya kuuza kuliko rangi mpya iliyopigwa jana.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye NZE, ufa huo mara nyingi ni lita moja ya oili.