Wajumbe wa Bodi za Ushauri wa Afya ya Akili na Uraibu katika Jimbo la California

Bodi ya ushauri wa afya ya akili na uraibu, katika jimbo la California nchini Marekani, ni baraza la raia wasiolipwa mshahara ambalo sheria ya jimbo imeilazimisha kila kaunti kuliunda, ili liangalie hali ya matibabu ya wagonjwa wa akili na ya watu waliotiwa utumwani na ulevi au dawa za kulevya, kisha litoe rai yake mbele ya Baraza la Wasimamizi, ambalo ndilo lenye hazina na kauli ya mwisho katika mambo ya kaunti. Kaunti za jimbo hilo ni 58, na aghalabu kila moja ina bodi yake. Ila Sutter na Yuba huendesha huduma hizo kwa shirika, na mji wa Berkeley, kadhalika miji ya Claremont, La Verne na Pomona iliyoungana, ina mamlaka yake yenyewe na bodi zake.

Asili ya bodi hizi ni Sheria ya Short-Doyle ya mwaka 1957, iliyopewa majina ya wabunge wawili, Alan Short na Donald Doyle. Zama hizo wagonjwa zaidi ya 36,000 walikuwa wamewekwa katika hospitali kubwa za jimbo, wengine kwa miaka mingi, mbali na jamaa zao na pasipo kujua siku ya kutoka. Na madhali sheria hiyo ilikusudia watu watibiwe karibu na makwao, kwa fedha za jimbo na za kaunti pamoja, ilipasa wenyeji nao wawe na neno. Ikafuata Sheria ya Lanterman-Petris-Short, iliyotiwa saini mwaka 1967 na Gavana Ronald Reagan na kuanza kutumika mwaka 1969, ambayo ilikomesha desturi ya kumzuia mgonjwa bila ya kikomo na kuweka saa 72 kuwa muda wa kizuizi cha kwanza. Wagonjwa wakatoka kwa maelfu. Lakini fedha za kuwatunza huko walikokwenda hazikutoka kwa wingi uliohitajiwa, na taksiri hiyo ni miongoni mwa mambo ya huzuni sana katika tarikhi ya tiba ya jimbo hilo.

Mwaka 1991 Sheria ya Bronzan-McCorquodale ilizikabidhi kaunti fedha na dhima ya matibabu, na katika mageuzi ya miaka hiyo ndipo bodi zilipopata umbo lililodumu. Wajumbe huwa 10 hadi 15, kama kaunti ipendavyo, ijapokuwa kaunti yenye watu wasiofika 80,000 yaweza kutosheka na watano. Muda wa ujumbe ni miaka mitatu, na huteuliwa kwa zamu ili wote wasiondoke kwa mara moja. Mmoja wao sharti atoke katika Baraza la Wasimamizi lenyewe. Lakini kiini cha sheria ni hiki: nusu ya viti ni haki ya watu waliotibiwa au wanaotibiwa, pamoja na wazazi, waume, wake, ndugu na watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima, na katika jumla ya wajumbe, wagonjwa wenyewe wasipungue asilimia 20, wala jamaa zao wasipungue asilimia 20.

Hesabu hiyo yaonekana kavu, walakini imebeba insafu kubwa. Kwa vizazi vingi mgonjwa wa akili alijadiliwa naye hayupo, na hata alipokuwapo hakuulizwa. Tabibu akasema, karani akaandika, jamaa wakalia. Tabibu aujua ugonjwa, lakini ni mgonjwa ajuaye maana ya kungoja usiku kucha katika chumba cha dharura, au kufungwa mikono kitandani, au kuruhusiwa kwenda zake na cheti cha dawa hali hana pa kulala. Tena mgonjwa na jamaa zake si mamoja. Mara nyingi mama huomba mwanawe atibiwe hata kwa kulazimishwa, kwa kuwa amemwona akiangamia, naye mwana hutetea hiari yake, kwa kuwa amekwisha kuonja kulazimishwa; na sheria, ilipowawekea viti mbalimbali, ilikataa mmoja asemewe na mwenziwe.

Watumishi wa idara ya kaunti inayotoa huduma hizo hawaruhusiwi kuwa wajumbe, wala waume na wake zao, wala walioajiriwa na mashirika yenye mikataba na idara hiyo. Ila mtu aliyetibiwa, kisha akapata kazi humo isiyo na mamlaka juu ya fedha wala mikataba, aweza kuteuliwa, kwa sharti asipige kura katika jambo la fedha au mikataba linalomhusu mwajiri wake. Kaunti yaweza kumrudishia mjumbe gharama za safari, malazi, chakula na hata za mtu wa kumwangalilia watoto. Fungu hilo la mwisho lisidharauliwe, maana bila ya hilo viti vingi vingebaki kwa wenye nafasi tu.

Bodi hukagua mahitaji na mikataba, hutoa taarifa kila mwaka, na hushirikishwa katika kumchagua mkurugenzi kabla ya wasimamizi kupiga kura. Vikao vyake viko chini ya Sheria ya Brown ya mwaka 1953, hivyo ajenda ya kikao cha kawaida hutangazwa saa 72 kabla, na yeyote aweza kuja kusema. Tangu wapiga kura walipokubali, Novemba 2004, kodi ya asilimia 1 juu ya mapato yanayozidi dola milioni moja kwa ajili ya tiba ya akili, ni bodi inayoendesha baraza la hadhara juu ya mpango wa matumizi ya fedha hizo, baada ya raia kupewa siku 30 za kutoa maoni. Haiwezi kuamuru chochote. Lakini idara ikiliacha shauri lake la maana, imefaradhishiwa kueleza sababu kwa maandishi, kwa wasimamizi na kwa wizara ya jimbo. Na kwa rai ya mwandishi huyu, sharti hilo la kujibu lazidi thamani madaraka mengi madogo ambayo bodi ingeweza kupewa.

Uraibu uliingia rasmi baadaye. Kaunti nyingi zilikuwa na bodi ya pili ya mambo ya pombe na dawa za kulevya, kana kwamba mtu aweza kukatwa vipande viwili, hata kura ya wananchi wa jimbo ya Machi 2024, iliyopita kwa tofauti ndogo mno, ikayaunganisha mambo hayo chini ya bodi moja, ikaongeza kiti cha kijana asiyezidi miaka 25 na cha mtumishi wa elimu. Hesabu ya nusu imebaki, nayo sasa yawajumuisha walioshikwa na uraibu na walioshikwa na maradhi ya akili, bila ya mgawo maalumu baina yao. Uwiano wa viti hivyo, kwa hiyo, umo mikononi mwa wasimamizi wanaoteua.