Kasuku wa mwituni nao wana lahaja zao

KASUKU anayefugwa nyumbani husifiwa kwa kuiga maneno ya binadamu. Lisilofahamika na wengi ni kwamba hata mwituni, asikokuwa na mtu wa kumfunza, ndege huyu hujifunza milio kutoka kwa wenzake, na milio hiyo hutofautiana baina ya eneo moja na jingine, mithili ya Kimvita cha Mombasa na Kiamu cha Lamu. Wataalamu huziita tofauti hizo lahaja, na neno hilo linafaa.

Jogoo aliyelelewa peke yake atawika tu siku yake ikifika, kwani mlio huo amezaliwa nao. Kasuku sivyo. Yeye ni miongoni mwa viumbe wachache, wakiwemo nyangumi, popo na binadamu, wanaojifunza sauti kwa kusikiliza.

Mfano uliochunguzwa kwa muda mrefu zaidi unatoka Costa Rica, Amerika ya Kati, kwa kasuku wa kijani mwenye kisogo cha manjano. Mchana ndege hawa hutafuta chakula wakiwa wawili wawili au katika vikundi vidogo. Jioni hukusanyika kwenye miti ya kulala, nyakati nyingine kwa mamia, huku wakitoa mlio maalumu wa kuitana.

Mwaka wa 1994, mtafiti Timothy Wright wa Marekani alirekodi mlio huo katika vituo kadhaa vya kulala upande wa bahari ya Pasifiki. Matokeo yaliyochapishwa 1996 yalionyesha lahaja tatu: ya kaskazini, ya kusini, na nyingine karibu na mpaka wa Nikaragua. Ndege wa kituo kimoja huitana kwa namna moja, na unapovuka mpaka wa lahaja mlio hubadilika ghafla, si polepole. Vituoni vilivyo mpakani, baadhi ya ndege hutumia lahaja zote mbili.

Je, hizi ni koo mbili zisizooana? La. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotolewa 2001 ulibaini kuwa damu za pande hizo huchanganyika. Inaelekea basi kwamba ndege anayehama hujifunza lugha ya wenyeji wake. Hilo lilipojaribiwa kwa kuwahamisha kasuku wachache kuvuka mpaka, ndege mchanga aliubadilisha mlio wake ukafanana na wa wenyeji, ilhali wakubwa waliendelea na ule wa kwao na kuandamana wenyewe kwa wenyewe. Atakayesoma haya atawakumbuka wazee waliohamia mji wa watu na kuzeeka na lafudhi ya kijijini kwao!

Watafiti waliporejea 2005, kwa jumla lahaja zilikuwa zile zile. Waliporudi 2016 mambo yalikuwa yamegeuka: muundo wa milio ulikuwa umebadilika, mpaka umesogea, na ndege wa lahaja mbili wameongezeka. Katika kipindi hicho idadi ya kasuku hao ilikuwa imeporomoka, kwa sababu ya kukatwa kwa miti na wizi wa makinda wanaouzwa kufugwa. Tangu 2021 wameorodheshwa miongoni mwa spishi zilizo katika hatari kubwa kabisa ya kuangamia. Vituo vinapobaki na ndege wachache, kinda hukosa waalimu.

Jambo hili huwahusu pia wanaorudisha ndege mwituni. Kisiwani Puerto Rico, kasuku waliozalishwa katika vizimba ili kuokoa spishi yao walikutwa na milio isiyofanana na ya wenzao wa porini.

Kwetu Afrika, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu hupatikana kuanzia magharibi ya bara hadi msitu wa Kakamega, ambako wamesalia wachache mno. Biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliokamatwa mwituni ilipigwa marufuku kwa uamuzi uliopitishwa Johannesburg mwaka wa 2016. Akili yao imepimwa sana wakiwa vizimbani, lakini milio yao ya porini haijachunguzwa kwa kiasi hicho. Rekodi za kasuku wawili wa mwituni nchini Kongo, zilizoelezwa 1993, zilikuwa na milio zaidi ya 200, na ndani yake uigaji wa ndege wengine tisa na wa popo mmoja.