Sura ya Joker

Filamu ya Joker ya mwaka 2019 ilinikera. Tajiri Wayne anawaita walalahoi wa Gotham vichekesho tu. Nao wanavaa vinyago vya mchekeshaji, wanaandamana. Sawa! Lakini mwishowe wanamshangilia muuaji. Eti mnyonge akidai haki ni mwendawazimu?

Oktoba hiyohiyo, nauli ya metro Santiago ilipanda peso 30, vijana wakaingia barabarani. Beirut, serikali ilitaka kutoza kodi simu za WhatsApp, moto uleule. Kote huko baadhi walijipaka sura ya Joker. Muuaji hawakumtaka, walidai maisha yanayobebeka.

Kumbe nami, katika riwaya ninayoandika, kiongozi wa mgomo nilimfanya mwizi. Sura hiyo nimeichana.